Mume wangu kalazwa mara ya tatu kwa kongosho na pombe ameacha toka Aprili, sasa ni nini tena?

MamaWawili_Sakina · Jumatatu, saa 4:10 usiku

Habari za usiku wapendwa. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, simu ina asilimia ishirini, mnivumilie nikirukaruka.

Mume wangu ana miaka 41, ni fundi magari pale Unga Limited, Arusha. Oktoba mwaka jana alirudi nyumbani mchana kashika tumbo hapa juu kwenye chembe cha moyo, maumivu yanapita mpaka mgongoni, kulala chali hawezi, akawa amekaa kitandani kainama kakumbatia mto. Sisi tukajua ni vidonda vya tumbo maana vinamsumbua toka zamani, nikampa omeprazo na maziwa ya moto, akatapika vyote, akaendelea kutapika mpaka ikawa inatoka nyongo tupu. Usiku ule tukaenda hospitali wakapima damu wakasema kongosho limevimba. Dripu, sindano za maumivu, siku tano akatoka. Daktari alimuuliza unakunywa? Akasema nakunywa. Basi ikaishia hapo, kaambiwa aache pombe.

Hakuacha, nasema ukweli. Alipunguza tu. Aprili kwenye harusi ya mdogo wake Usa River akanywa bia nne, kesho yake jioni tuko hospitali tena, maumivu yale yale. Safari hii aliogopa. Toka siku ile hajaonja hata mbege, na mimi ndo nalala naye, mimi ndo nafua mashati yake, angekuwa anajificha ningejua.

Sasa jana kala supu ya mbuzi na chapati mbili asubuhi kazini, saa sita mchana wenzake wananipigia simu kadondoka chini ya gari. Mara ya tatu. Na kilichoniumiza ni mama mkwe alipofika wodini akasema mbele ya wagonjwa wote, mlevi haachi, anajificha tu. Mume wangu akageukia ukutani hakuongea tena mpaka saa hizi.

Naomba kuuliza, hivi hili tatizo linaweza kurudi bila pombe? Kuna dawa ya kulizuia lisirudi? Na akitoka ale nini maana sasa naogopa kila chakula.

---

Nesi_Pasua · Jumatatu, saa 4:52 usiku

Pole sana dada, na mpe pole kaka yetu hapo kitandani. Mimi ni nesi huku Moshi, wodi ya wanaume, kwahiyo haya nayaona kila wiki. Sio daktari wake ila nikueleze ninavyojua.

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, linarudi bila pombe, tena mara nyingi tu. Kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula, kazi yake ni mbili, linatoa juisi ya kusaga chakula na linatoa insulini ya sukari. Juisi ile inatakiwa ianze kazi ikishafika kwenye utumbo. Ikianza kufanya kazi ikiwa bado ndani ya kongosho lenyewe, inalisaga kongosho. Ndo maana maumivu yake hayafanani na kitu kingine, na ndo maana akiinama mbele anapata nafuu kidogo.

Kinachoiwasha ni vitu vingi. Viwili vinavyoongoza ni mawe ya mfuko wa nyongo na pombe. Mrija wa nyongo na mrija wa kongosho vinakutana karibu na mlango wa kuingilia utumbo, kijiwe kidogo kikitoka kwenye mfuko kikakwama pale mlangoni, kongosho linapata shida. Na vijiwe vidogo ndo vibaya zaidi maana vinapita, likubwa linabaki mfukoni limetulia. Baada ya hivyo viwili kuna mafuta ya damu yanayoitwa trigliseridi yakiwa juu sana, kuna kalsiamu kuwa juu kwenye damu, kuna baadhi ya dawa, kuna minyoo ile mikubwa ya tumboni inayoitwa askaris inaingia kwenye mrija, kuna watu wamezaliwa na mrija uliokaa vibaya au ni ya ukoo, na kuna uvimbe. Sigara pia, yenyewe peke yake inachangia hata kama mtu hanywi. Anavuta?

Sasa dada mimi kinachonisumbua kwenye habari yako ni hiki, mara ya kwanza alipoulizwa unakunywa akasema ndiyo, watu wakaacha kutafuta. Mtu anaweza kuwa anakunywa NA ana mawe. Maumivu yakiisha na dripu zikatolewa bado hujajua kwanini yalikuja. Hakuna kidonge cha kuzuia kongosho lisirudi, kinga yake ni kujua chanzo na kukiondoa.

Naomba uangalie kama una karatasi za Oktoba na Aprili. Nataka kujua vitu vitatu: alipigwa ultrasaundi? Vipimo vya ini vilisema nini, hasa ile inaitwa ALT? Na trigliseridi ilipimwa?

---

Kaka_Kijenge · Jumatatu, saa 5:30 usiku

Shemeji pole. Nesi kaongea jambo kubwa hapo, mimi ni shahidi, nina kovu nne tumboni za kuthibitisha.

2021 nililazwa kwa kongosho, ultrasaundi ikaonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo waziwazi kabisa. Nikapona baada ya siku nne, nikaambiwa nenda nyumbani urudi baada ya wiki sita tutoe mfuko. Hospitali siitaji, walikuwa na foleni na nawaelewa. Wiki ya nne nikarudi mwenyewe usiku wa manane, safari hiyo nimegeuka njano macho mpaka viganja, homa, natetemeka kitanda kinalia, kijiwe kimekwama kwenye mrija na pameshaingia maambukizi. Nikalala wiki tatu. Mke wangu aliuza pikipiki.

Baadae daktari aliyenifanyia operesheni akanieleza kwamba kuna utafiti wa Uholanzi ulitoka 2015 walilinganisha watu wenye kongosho la mawe ambalo sio kali, wengine wakatolewa mfuko kabla hawajaruhusiwa kutoka, wengine wakaambiwa wasubiri kama siku 25 mpaka 30. Waliosubiri, watu 17 kwa kila mia walipata matatizo ya mawe tena au kufariki, waliofanyiwa palepale ni 5 kwa mia. Kwahiyo ikikutwa ni mawe na kongosho sio lile kali, omba operesheni kabla hamjatoka hapo, uliza kwa heshima lakini uliza. Lile kali lenye maji na uvimbe tumboni ndo wanasubiri kwanza litulie, hapo waachie madaktari.

Toka nitolewe mfuko sijawahi kurudi. Mtu anaishi vizuri tu bila mfuko wa nyongo, ini linaendelea kutengeneza nyongo inashuka moja kwa moja.

---

MamaWawili_Sakina · Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Asanteni mno, sijalala nimesoma mara tatu tatu. Kaka Kijenge pole kwa uliyopitia.

Nesi, nimemtuma mtoto wa jirani kaniletea faili zote kwa boda. Oktoba: lipesi 1,240, ALT 212, ultrasaundi imeandikwa kongosho halionekani vizuri kwasababu ya gesi, mfuko wa nyongo "hauna mawe yanayoonekana". Aprili: lipesi imepanda, ALT 187, ultrasaundi haikurudiwa, wameandika "pombe". Trigliseridi sioni popote. Sigara aliacha zamani, kabla hatujaoana.

Hiyo ALT ni nini? Mbona hakuna aliyeniambia chochote kuhusu hiyo?

---

Nesi_Pasua · Jumanne, saa 1:40 asubuhi

Dada, hiyo karatasi usiiache mkononi mwako, akifika daktari wa raundi mwonyeshe hapohapo, mbili zote.

ALT ni kipimo cha ini. Kawaida inakuwa chini ya 40 au 50 kutegemea maabara. Mtu akija na kongosho halafu ALT imepita 150 ndani ya siku mbili za mwanzo, hiyo inaelekeza sana kwenye mawe ya nyongo. Pombe yenyewe mara nyingi inapandisha AST, kipimo kingine cha ini, zaidi kuliko ALT. Sisemi ni mawe, sijamwona mgonjwa, nasema mara mbili zote karatasi inaelekeza upande ambao haukufuatiliwa.

Halafu hilo neno "yanayoonekana" ni muhimu. Wakati mtu yuko kwenye shambulio utumbo unajaa gesi, vijiwe vidogo na ule uchafu mzito kama tope unaokaa chini ya mfuko vinapotea kabisa kwenye picha. Ultrasaundi moja ya siku ya maumivu haitoshi, inatakiwa irudiwe akishatulia, na awe amefunga kula masaa sita mpaka nane ili mfuko ujae, maana ukila unajikamua unabaki mdogo kama zabibu kavu, hapo nani ataona kitu. Isipoonekana tena, kuna MRI ya mirija ya nyongo, na kuna ultrasaundi ya kumeza inayoingia kwa mdomo inaona vijiwe vidogo kabisa, hiyo ya pili haipatikani kila mahali.

Omba pia trigliseridi ipimwe LEO. Akishakaa siku mbili tatu bila kula inashuka yenyewe, mnapata majibu ya uongo. Na kalsiamu.

Nyingine, usihangaike wakirudia lipesi au wasirudie. Lipesi inatusaidia kujua kwamba ni kongosho, ikifika mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida pamoja na yale maumivu basi, lakini ukubwa wake hausemi ugonjwa ni mkali kiasi gani. Mtu ana elfu nne anatoka siku ya nne, mwingine ana mia tano yuko ICU.

---

Tiba_Asili_Ngarenaro · Jumanne, saa 3:05 asubuhi

Mama pole. Msikimbilie kukata viungo vya watu. Mafuta ya zeituni glasi moja na maji ya limao, anakunywa usiku analala ubavu wa kulia, asubuhi mawe yanatoka ya kijani hata hamsini, nimewafanyia ndugu zangu wengi na mawe tumeyaona kwa macho.

---

Kaka_Kijenge · Jumanne, saa 3:20 asubuhi

Ndugu yangu naamini unasema kwa nia njema lakini usimpe huyu mama kitu hicho, nakuomba. Mimi nilikunywa hayo mafuta wiki ya tatu wakati nasubiri operesheni, niliambiwa na mtu niliyemheshimu. Yale ya kijani yalitoka na mimi, nilifurahi nikayaosha nikampigia mke wangu picha. Siku chache baadae ndo nikawa njano.

Daktari akaniambia madaktari wa New Zealand waliandika kuhusu hayo mawe 2005, mgonjwa wao aliyaleta kwenye kopo, wakayapima maabara wakakuta hayana kolestro wala kalsiamu kama mawe ya nyongo, ni mafuta yaliyoganda kama sabuni, yametengenezeka tumboni kutokana na hayo mafuta na limao uliyokunywa. Wakiyapasha moto kidogo yanayeyuka yanakuwa mafuta ya kijani. Na mafuta mengi kwa mkupuo yanafanya mfuko ujikamue kwa nguvu, kama kuna kijiwe mlangoni unakisukuma mwenyewe.

---

Nesi_Pasua · Jumanne, saa 3:31 asubuhi

Naunga mkono asilimia mia. Dada usimpe.

---

Dereva_KIA · Jumanne, saa 6:45 mchana

Mimi sio mawe, ni hayo mafuta ya damu aliyoyataja nesi. Nawaambia ili mjue kuna na sisi.

Nilikuwa na sukari ambayo siifuatilii, nakunywa soda tatu nne kwa siku nikisubiri wageni wa ndege, wikiendi niko kwa Mrombo na nyama. Nilipodondoka, yule dada wa maabara alirudi wodini na chupa ya damu yangu akamwonyesha daktari. Ilikuwa imekaa dakika chache tu, chini damu, juu kumejitenga maji meupe mazito kama mtindi. Nilifikiri wamechanganya na ya mtu mwingine. Trigliseridi ilikuwa 34. Daktari akasema kuanzia kama 11 hivi ndo hatari ya kongosho inaanza kuwa kubwa, kwa vipimo vile vingine ni 1,000.

Dawa ninayotumia ni fenofibreti kila siku, na insulini niliyokuwa naikimbia miaka miwili sasa najichoma bila kusumbuliwa na mtu. Soda basi, pombe basi, mafuta kidogo sana. Sasa hivi iko 2.8 na miaka mitatu hakuna kitu. Ukiwa mnene au mwembamba haijalishi, mimi nina kilo 64. Na kwa akina dada, kuna vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni vinapandisha haya mafuta, mwambie daktari kama unatumia.

---

Binti_Majengo_Moshi · Jumanne, saa 2:20 usiku

Asalaam aleikum wote. Nimesita kuandika maana yetu haikuisha vizuri kama ya kaka Kijenge, lakini nadhani dada ajue mbele kuna nini likiachwa lijirudierudie.

Baba yangu alipata haya mashambulio labda sita au saba kwa miaka kumi, kila mara tunatibu maumivu tunarudi nyumbani. Yeye pombe hajawahi kuonja maisha yake yote, ni mtu wa msikitini, ila alikuwa anavuta sana. Kila shambulio linaacha kovu kwenye kongosho, mwisho likawa gumu lina mawe ndani yake lenyewe, siti skani ilionyesha madoa meupe mengi kama mchele umemwagwa. Hilo haliponi tena, linakuwa sugu.

Dalili iliyotufungua macho ilikuwa choo. Nasema wazi kwasababu ni muhimu, choo kikawa cha rangi ya udongo mweupe, kingi, kinanuka vibaya mno, kinaelea na juu kuna mafuta yanang'aa, ukimwaga maji hakiondoki. Na yeye anakonda wakati anakula vizuri. Maana yake juisi ya kusaga mafuta haitoki tena ya kutosha, chakula kinapita tu. Baadae sukari ikaja, na sukari ya namna hii ni ngumu maana inashuka ghafla, kongosho likiharibika hata ile homoni ya kupandisha sukari inapungua.

Anatumia vidonge vya vimeng'enya, yaani vya kusaga chakula badala ya ile juisi ya kongosho. Anameza anapoanza kula na vingine katikati ya mlo, havitafunwi, na akimeza baada ya kumaliza kula havifanyi kazi inavyotakiwa. Vimebadilisha maisha yake, ameongeza kilo nane. Ni ghali na havipo kila duka, tunaagiza. Shida ilikuwa kwamba vinatengenezwa na kongosho la nguruwe, na baba alipojua akavisukuma mbali, akasema bora nife. Tukamleta imamu wetu nyumbani, akakaa naye chumbani peke yao muda mrefu, akatoka akasema mgonjwa asiye na dawa mbadala hana dhambi. Kesho yake asubuhi baba akaomba maji mwenyewe akameza. Naandika hili maana najua huku kuna familia nyingine ziko kwenye hali hiyo na wanaona aibu kuuliza.

Dada yangu, shambulio la tatu sio kuchelewa. Baba yangu la tatu lilikuwa 2012 na tungefuatilia pale.

---

Mama_Machame · Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Mwanangu nimekusoma, na hilo la mkweo limenichoma. Akipona atajuta, wewe nyamaza tu kwa sasa.

Mimi nijibu la chakula maana hao wengine wamejibu ya hospitali. Nilimuuguza mzee wangu. Kwanza usimnyime chakula kwa woga. Zamani walikuwa wanawafungia kula siku nyingi, siku hizi ninavyoona daktari akisema kichefuchefu kimepungua na anajisikia njaa basi anaanza kula hata siku ya pili, chakula kidogo kisicho na mafuta, nesi anirekebishe.

Mtori ndo chakula chake, ila sio ule wetu wa siagi na mafuta yanaelea. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, au kuku umemvua ngozi, ichemshe jioni, acha mchuzi upoe usiku kucha mahali pa baridi. Asubuhi utakuta mafuta yameganda juu kama karatasi nyeupe, chota na kijiko tupa yote. Mchuzi ule uliobaki ndo upikie ndizi, ponda mpaka zilainike. Uji wa ulezi bila siagi wala karanga. Maharage, mchicha wa kuchemsha na nyanya, samaki wa kuchemsha, mtindi uliotolewa mafuta. Ale kidogo mara tano sita kwa siku kuliko sahani moja kubwa ya kushindilia. Chipsi, kitimoto, supu ya utumbo na kongoro, maandazi, hivyo aviage mpaka watakapojua chanzo, na hata wakijua asivirudie kwa pupa.

Na Desemba ikifika mkaja huku nyumbani watamwambia mbege sio pombe, mbege ni chakula, wachaga tunajua kusema hivyo. Kwa kongosho ni pombe. Msimamie.

---

Nesi_Pasua · Jumatano, saa 4:00 asubuhi

Mama Machame uko sahihi kabisa kuhusu kuanza kula mapema, hata sisi tumebadilika. Naongeza mawili.

La kwanza kwa wote mnaosoma: mtu aliyekuwa anakunywa pombe nyingi kila siku, asiache ghafla peke yake nyumbani. Anaweza kutetemeka, kuona vitu, hata kupata degedege, na wengine wanafariki. Aache, lakini akiwa hospitali au chini ya uangalizi. Na kama chanzo ni pombe kweli, msimpe karatasi tu imeandikwa acha pombe. Kuna utafiti wa Finland ulioonyesha kwamba waliokuwa wanarudi kila miezi sita kukaa na mshauri kuongelea pombe walipata mashambulio machache kuliko walioshauriwa mara moja tu wodini. Mtu anahitaji kukaliwa, kuulizwa unaendeleaje, tena bila kusimangwa.

La pili, mambo ya kukimbia nayo hospitali usiku huohuo: kutapika kusikokoma, homa na kutetemeka, macho kuwa njano, kupumua kwa shida, mkojo kupungua sana, kuchanganyikiwa. Hapo hakuna kusubiri asubuhi wala kumeza diklofenaki ya duka la dawa.

---

MamaWawili_Sakina · Jumapili (wiki mbili baadae), saa 9:30 alasiri

Wapendwa nimerudi, samahanini nimewaacha muda mrefu.

Nilimwonyesha daktari zile karatasi mbili kama nesi alivyosema. Kijana mdogo tu, akazisoma amesimama, akakaa, akazisoma tena. Akasema mama hizi nani kakuambia uziangalie? Nikamwambia ni watu wema. Trigliseridi wakapima siku ileile ikawa 2.1, kalsiamu sawa. ALT safari hii 240. Alipotulia tukapewa rufaa KCMC, tukashuka Moshi na gari la shemeji polepole. Wakarudia ultrasaundi akiwa amefunga toka usiku, na mpimaji akamgeuza ubavu, akamsimamisha, akamlaza tena, halafu akaniita mimi niangalie skrini. Chini ya mfuko kulikuwa na tope linahama kila akigeuka, na ndani yake vitu vidogo vinametameta. Mrija mkubwa ulikuwa safi.

Wametoa mfuko Alhamisi kwa ile operesheni ya matundu. Anaendelea vizuri, jana katembea mpaka mwisho wa korido mwenyewe. Daktari bingwa alimwambia mbele yangu kwamba pombe haikuwa ya kusingiziwa tu, na yeye asirudi nayo hata kidogo, kongosho lililoumia mara tatu halitaki kujaribiwa. Akakubali. Na kaniambia ikitokea maumivu tena hata bila mfuko, turudi, maana kijiwe kinaweza kubaki kwenye mrija.

Walituonyesha vijiwe kwenye kichupa. Vidogo jamani, vya kahawia, kama punje za ulezi, havijai hata kijiko cha chai. Mama mkwe alikuwepo. Alikishika kile kichupa akakiinua kwenye dirisha akakiangalia kwenye mwanga muda mrefu, akakitingisha vikalia. Hakusema kitu. Akaenda kukaa kitandani upande wa miguu ya mwanae, akaanza kumkanda miguu, na mpaka jioni alikuwa hapo. Mume wangu akamwambia mama, leo sijisikii vibaya. Ndo maneno yake ya kwanza kwake toka ile siku.

Nesi, kaka Kijenge, dereva, dada wa Majengo na baba mzazi Mungu amsimamie, sijui niseme nini. Mama Machame, anatoka kesho kutwa, ule mtori unaweka ndizi ngapi kwa nusu kilo ya nyama?

---

Mama_Machame · Jumapili, saa 10:05 alasiri

Mungu ni mwema. Ndizi mshare kumi na mbili, zile changa zisizoanza kuiva. Karoti moja, kitunguu kimoja usikikaange, kitumbukize hivyohivyo. Chumvi kidogo. Na huyo mkweo mpe yeye kazi ya kumenya ndizi.